Omeprazole Nilizifanya Pipi

Jamani, mimi ilikuwa chipsi mayai saa tano usiku, pilipili ya kutosha, kisha huyoo kitandani. Kiungulia kikipanda kooni, nameza omeprazole, nalala. Miezi minane hivyo, najinunulia duka la dawa bila hata kuulizwa. Mgongo ukiuma kwa kukaa ofisini, naongeza diclofenac. (Najua, najua.)

Siku moja choo kikatoka cheusi tii, kinanata kama lami. Nikajipa moyo eti ni mchicha. Mama kusikia tu kwenye simu: "Mwanangu, hiyo ni damu. Nenda hospitali sasa hivi, hata usioge."

Wakanipitishia mpira wenye kamera mdomoni, kidonda hicho hapo. Kumbe diclofenac huchubua tumbo, na bakteria H. pylori naye alikuwemo. Omeprazole yangu ilikuwa inazima moto tu, tena niliimeza vibaya: humezwa nusu saa kabla ya kula, na ya kujinunulia haitakiwi kupita siku 14 bila kumwona daktari.

Nikapewa antibayotiki mbili pamoja na omeprazole ileile. Diclofenac marufuku. Baadaye, kabla ya kupima tena, nikaambiwa niiache omeprazole wiki mbili, maana inamficha bakteria, kipimo kinaweza kudanganya. Wiki mbili hizo! Wenzangu wako viwanja, mimi nimelalia mito mitatu nasikilizia kifua.

Jibu: hayupo. Nilimpigia mama nikiwa bado maabara, tukalia wote. Chipsi sijaacha, ila sasa nakula mchana. Na wewe, mwezi wa ngapi huu unajinunulia?