Tulivyouza Pijo ya Baba

Leo tunawapa habari ya gari.

Tulipokimbia Uvira mwaka 2017, ile Peugeot 504 ya baba ilibaki uani kwa baba mdogo, chini ya mwembe. Ni ile ndefu ya viti safu tatu, gia yake iko kwenye usukani. Miaka mingi baba aliipandisha milima ya Ngomo na abiria wa Bukavu, na ndiyo iliyotusomesha. Alifariki huku kambini akiwa bado anasema, "Tukirudi, naanza na breki."

Mwaka jana mdogo wetu alifaulu, karo ikakosekana. Tukakaa na mama tukamwambia: tuuze gari. Mama alinyamaza siku mbili. Kuiuza ni kama kusema haturudi tena.

Baba mdogo akatutumia picha kwa WhatsApp. Kwa mbali inapendeza kabisa. Lakini fundi alipobonyeza sakafu kwa bisibisi, ikapenya. Sumaku nayo haikushika pembeni mwa mlango: pale hakuna bati tena, ni dawa ya kuziba imepakwa rangi juu. Injini haijawaka tangu tuondoke.

Akatokea mtu wa Bukavu anayefufua magari ya zamani. Kwa picha tu, akasema anatoa dola 900. Baba mdogo akatuambia, "Nyamazeni, atajionea akishalipa." Kusema kweli, tulitaka kunyamaza.

Mama ndiye aliyekata shauri. "Baba yenu gari ikimharibikia njiani, alirudisha pesa ya abiria. Mtumieni huyo mtu picha za kutu."

Tukatuma zote: sakafu, mlango, hata kadi ya gari yenye jina la marehemu. Akashuka mpaka dola 550. Iliuma, jamani. Lakini alikuja, akalipa, wazee wa ukoo wakasaini karatasi ya mauzo, na mpaka leo hajalalamika. Mdogo wetu yuko darasani.

Picha ya mwisho, gari iko juu ya lori. Mama aliitazama sana, halafu akauliza, "Kamba wamezifunga vizuri?"

Ndugu zetu, mkiuza kitu cha nyumbani mkiwa mbali, tumeni kwanza picha ya ubovu. Kule tumebakiwa na jina tu. Tusiliuze pamoja na gari.