Matuta.jpg

Ukiingia Kenyatta Market, kabla moshi wa nyama choma haujakufikia, wasusi watakuwa wamekushika mkono. "Msupa, unasukwa?" Kila mmoja anakunyooshea simu yenye picha. Picha ndizo duka.

Mama amesuka hapo tangu nikiwa darasa la tatu. Siku hizi vidole vinamuuma, kwa hivyo wasichana wake wawili ndio husuka, naye anaonyesha wateja picha za kazi yake ya zamani. Mwaka jana aliniomba nizipange. Nilikuwa nazo kwenye laptopu, zote na yale majina ya WhatsApp: IMG-20170318-WA0009.jpg. Mteja akiuliza abuja, Mama anapekua mpaka mteja anahamia kibanda cha pili.

Sasa mimi, mtu wa kompyuta, nibadilishe moja moja kweli? Za matuta nikaziweka folda yake, 184, nikafungua lile dirisha jeusi na kuandika:

for f in *.jpg; do mv "$f" matuta.jpg; done

Enter. Hata sekunde mbili hazikuisha. Nikafungua folda. Picha moja.

Sikuwa nimeweka namba. Zote zilipewa jina lilelile, na mv haikuulizi kitu: ya pili inafunika ya kwanza, ya tatu inafunika ya pili, hadi mwisho. Wala haipeleki chochote kwenye pipa la taka. Ningeandika mv -n, ingekataa kufunika. Ningetanguliza echo, ningeonyeshwa majina kabla faili hazijaguswa. Herufi nne tu, jamani! Na simu iliyopiga zile picha ilishakufa kitambo.

Nilikaa na hiyo siri siku mbili. Nikamwambia kibandani, akitenganisha rasta. Akaomba kuona iliyobaki. Kwa kuwa amri hufuata mpangilio wa majina, na majina yalianza na tarehe, iliyopona ilikuwa ya karibuni zaidi.

"Hii mistari haijanyooka," akasema. "Hapa vidole vilikuwa vimeanza."

Alinyamaza kidogo. Kisha: "Leta kalamu." Akaanza kunitajia wateja, mmoja mmoja, na mtindo wa kila mmoja, walioweka picha status, tuwaombe.

Mpaka sasa zimerudi 31. Kila moja inafika na jina jipya la WhatsApp, na tarehe ya juzi. Ninazibadilisha kwa mkono, moja moja.