Baiskeli Isiyo na Keria

Mbio za baiskeli za vyuo vikuu vya kaskazini mashariki mwa Marekani huanza mwezi Machi, theluji ikiwa bado imelundikana kandokando ya barabara na lami imejaa mchanga na chumvi iliyomwagwa kuyeyusha barafu. Msimu wenyewe ni mfupi. Aprili ikiisha nao umekwisha, kwa sababu mitihani haisubiri mtu. Anayetaka kushindana inambidi ajiandae katika ile miezi ambayo kukanyaga pedali nje kunauma vidole na masikio, na sisi, katika chuo chetu cha magharibi mwa Massachusetts, tulijiandaa chini ya ardhi.

Nakizungumzia chumba cha chini cha jengo la michezo, mwanzoni mwa mwaka 2012. Hakikuwa na dirisha. Baiskeli zilibanwa kwenye vyuma vinavyoinua gurudumu la nyuma, ukawa unakanyaga saa nzima bila kusogea hata hatua moja. Harufu ya mpira wa tairi uliopata moto ilijaa mle ndani, na jasho lilidondoka juu ya usukani hadi likafanya kidimbwi sakafuni. Nilikipenda chumba kile tangu jioni ya kwanza. Tulikuwa wanafunzi wa uhandisi, wa historia, wa uuguzi. Wengine walishashinda mbio, wengine hawakuwahi kuvaa bukta ya baiskeli, na sote tulikanyaga kwa kufuata saa ileile ya ukutani.

Kuendesha nilikujua tangu utotoni. Kwetu Shinyanga nilijifunzia baiskeli ya baba aina ya Phoenix kwa kupitisha mguu chini ya bomba la katikati, kwa kuwa kiti sikukifikia. Lakini baiskeli ya kwetu ni ya kazi: inabeba madumu ya maji, magunia ya mkaa, mgonjwa anayepelekwa zahanati. Niliyoazimwa na klabu ya chuo niliweza kuinyanyua kwa mkono mmoja. Nilimpigia baba simu nimweleze.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hiyo baiskeli yenu, keria yake iko wapi?"

"Haina keria, baba. Haibebi kitu."

Akanyamaza kidogo. "Basi wewe ndiye mzigo. Jibebe vizuri."

Theluji ilipopungua tulitoka, na hapo ndipo nilipojua kwamba sikuwa nimewahi kuendesha baiskeli pamoja na watu. Katika mbio za barabarani adui mkubwa ni upepo. Anayekaa nyuma ya gurudumu la mwenzake, karibu kabisa, anapunguziwa kazi kwa kiasi kikubwa, pengine robo au hata theluthi. Ndiyo maana kundi zima linakwenda kasi ambayo mtu mmoja hawezi kuihimili. Ila karibu kabisa maana yake ni umbali wa kiganja na kidogo. Nahodha wetu, binti mtaratibu wa mwaka wa tatu, alinifundisha nisilikodolee macho tairi la mbele bali nitazame kiuno na mabega ya aliye mbele yangu, maana mwili husema kitakachotokea kabla baiskeli haijakifanya. Alinikataza kushika breki kwa pupa. Nikisogea mno, niache kukanyaga kidogo, upepo utanirudisha wenyewe. Aliye mbele huona shimo kwa niaba ya wote. Analinyooshea kidole, wa pili naye ananyoosha, ishara inashuka hadi mkiani. Kumwamini mtu kiasi hicho, mtu ambaye hata jina lake la pili hulijui, ni jambo kubwa, na sioni kwa nini watu hulitaja mara chache wanapousifu mchezo huu.

Safari za mashindano zilikuwa za Ijumaa usiku, tumejipanga kwenye basi dogo, magurudumu yamelundikwa nyuma pamoja na mifuko ya mikate na makopo ya siagi ya karanga. Tulilala kwa wenyeji wetu, wanafunzi kama sisi, sakafuni ndani ya mifuko ya kulalia. Jumamosi na Jumapili ziligawanywa: mbio za timu dhidi ya saa, ambapo muda wa chuo hauchukuliwi kwa anayetangulia kuvuka mstari, hivyo mwenye nguvu analazimika kumsubiri mwenzake; mbio ndefu za barabarani zenye vilima; na mbio za mizunguko katika mitaa iliyofungwa magari, fupi na kali, kona baada ya kona.

Nilianzia kwenye mizunguko, katika kundi la wanawake wasiowahi kushindana. Leseni ilikuwa ya siku moja. Nahodha ndiye aliyenibandika namba kwenye jezi, ubavuni kuelekea upande wa waamuzi. Aliikunjakunja karatasi kwanza ili ilainike, kisha akapitisha pini matundu mawili mawili hadi ikalala juu ya kitambaa bila kupepea. Alifanya polepole, mikono yake ikitetemeka kwa baridi, na mbio zake mwenyewe zilikuwa saa moja baadaye.

Kabla ya kuanza tulipewa somo la kona palepale barabarani: mguu wa nje chini, uzito juu yake, goti la ndani wazi, macho yatazame utakakotokea na si unakoingia, na kila mmoja ashike njia yake bila kumkata mwenzake. Halafu filimbi ikalia, na ndani ya kundi letu walikuwamo wanawake wa daraja la juu ambao hawakuja kushinda. Walikuja kutuongoza. Mmoja aliendesha ubavuni mwangu mizunguko kadhaa, akiongea muda wote kwa sauti ya kawaida: sogea, tulia, sasa kunywa maji, jiandae, kona. Kengele ya mzunguko wa mwisho ilipolia alisema tu, "Sasa ni zenu," akajiondoa pembeni. Nilimaliza katikati ya kundi, mapafu yanawaka, na nilitamani kuanza tena papo hapo.

Pointi za wanawake ziliingia kwenye jumla ya chuo pamoja na za wanaume, na chuo kisichokuwa na wanawake kiliachwa nyuma. Utaratibu huo mmoja ulifanya kazi kuliko hotuba nyingi. Vijana wa daraja la juu walikuja kutushangilia kwenye kona kwa sababu walituhitaji, na kwa kutuhitaji wakatufahamu.

Mwezi Aprili tulipita mjini Worcester, na niliomba tusimame mbele ya maktaba ya umma, kwenye mnara wa Marshall Taylor, aliyejulikana kwa jina la Major. Alikuwa Mmarekani mweusi kutoka Indianapolis, akahamia Worcester mwaka 1895, na mwaka 1899 akawa bingwa wa dunia wa mbio za baiskeli za maili moja kule Montreal. Waliomzidi kwa magurudumu walikuwa wachache. Waliomzuia walikuwa wengi. Wapinzani walishirikiana kumbana ndani ya kundi asipate njia, na wengine walimpiga. Alifariki Chicago mwaka 1932, maskini, akazikwa kaburi la fukara, na mabaki yake hayakuhamishiwa mahali pa heshima hadi mwaka 1948. Kundi lilelile linaloweza kukukinga na upepo lilitumika kumfungia yeye njia. Nilisimama pale nikiwa bado na alama za pini kwenye jezi, na nilihisi deni.

Kwetu Usukumani baiskeli ni nyingi na mashindano yapo, wanawake nao wakishindana, wengine kwa baiskeli zilezile za kubebea maji. Nimewatazama. Nguvu wanazo kuliko mimi. Lakini anayeanza husimama mstari mmoja na mzoefu, mbio zinaanza, na baada ya dakika chache yuko peke yake na upepo. Mwaka unaofuata harudi. Ningependa wenye kuandaa wawatengee wasichana wapya mbio zao fupi, nusu saa ya somo la kona kabla ya filimbi, na akina dada wawili wazoefu ndani ya kundi wakiongea nao njia nzima. Hilo halihitaji kununua baiskeli hata moja, na kazi ya kuongea nimeshasema nitaifanya.