Mandhari: Mazoezi ya Kutazama

Ukimwuliza mwanafunzi yeyote wa fasihi maana ya mandhari, atakujibu bila kusita kuwa ni mahali na wakati ambapo matukio ya kazi ya fasihi hutendeka. Jibu hilo limetupatia alama tangu shule ya upili, nami sina ugomvi nalo. Hata hivyo, neno lenyewe linadokeza jambo zaidi. Limetujia kutoka Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kutazama, na mzizi uo huo ndio uliotupa neno nadharia. Mandhari na nadharia, basi, ni ndugu wa tumbo moja, ingawa katika kumbi zetu za mihadhara nadharia hupewa kiti cha mbele, na mandhari huachiwa aya moja mwishoni mwa uchambuzi. Nimejifunza kutazama zaidi kwa kamera kuliko kwa kitabu, katika eneo hili la Nakuru nililolelewa, na hayo ndiyo ninayotaka kuyasimulia.

Nilianza mazoezi ya kupiga picha za mandhari mwaka 2019, nikiwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza, kwa kamera kuukuu niliyoinunua kwa mtu aliyekuwa akihama. Kadi yake iliweza kubeba mamia ya picha, na wingi huo ndio mtihani wa mpiga picha wa siku hizi. Katika enzi ya filamu, ukanda mmoja uliruhusu picha 36, na kila moja ilikuwa na gharama yake. Mkenya mwenzetu Mohamed Amin, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia ziliutikisa ulimwengu mwaka 1984, alianza kazi katika enzi hiyo ya kuhesabu. Nami nikajiwekea sharti: picha 12 kwa kila safari, na kabla ya kubonyeza, niandike daftarini sentensi mbili za Kiswahili kueleza ninachokiona. Wenzangu walicheka, wakaniuliza kama nilikwenda kupiga picha au kuandika insha. Lakini sharti lilinifaa. Sentensi ilipokataa kukamilika, aghalabu picha nayo haikuwa na kiini. Basi nilihama niliposimama, nikaanza upya.

Mazoezi yangu mengi niliyafanya kwenye ukingo wa kaldera ya Menengai, mita 2,278 juu ya usawa wa bahari. Aliyewahi kusimama pale anajua jinsi moyo unavyoshtuka mbele ya shimo lenye upana wa takriban kilomita 12 kwa 8. Ajabu ni kwamba lenzi haishtuki. Hulibana shimo lote likawa kama sinia la kijani lililolazwa mezani. Kina hakiji chenyewe katika picha, hujengwa. Nilijizoeza kuanza na kitu cha karibu, kwa mfano kichaka cha leleshwa au jiwe jeusi la volkeno, kisha kitu cha katikati, kama mvuke unaofuka kutoka visima vya jotoardhi, kisha ukuta wa kaskazini ulio mbali. Jicho la mtazamaji likipewa ngazi hizo, hushuka lenyewe. Tangu hapo, kila nisomapo riwaya ambayo mwandishi ameanza na 'bonde kubwa la kupendeza' bila kunipa hata jiwe la kukanyagia, nafahamu kwa nini sioni kitu.

Suala la mwanga lilinipeleka mbali zaidi. Vitabu vya upigaji picha vilivyoandikwa Ulaya hushauri tuingoje saa nzima ya mwanga wa dhahabu baada ya macheo, na nyingine kabla ya machweo. Huko huenda ikawa hivyo. Nakuru haifiki hata nusu digrii kusini mwa Ikweta. Jua letu hupanda karibu wima, digrii 15 kwa kila saa, na nusu saa tu baada ya kuchomoza, dhahabu imeanza kupauka. Anayefika ukingoni saa moja na nusu asubuhi kwa kufuata kitabu atakuta karamu imekwisha. Hapa ndipo Kiswahili kiliponipa ratiba iliyo bora. Mapambazuko yana mwanga usio na kivuli. Macheo yana vivuli virefu. Mafungulia ng'ombe, istilahi ambayo vijana wengi hawaijui tena, ni wakati ambapo vumbi la mifugo huchukua mwanga wa pembeni na hewa yenyewe ikaonekana. Adhuhuri nilifunga kamera nikala. Alasiri mwanga hurejea ukitokea upande wa pili, na mtu aliyesimama Baboon Cliff, upande wa magharibi wa Ziwa Nakuru, huwa na jua mgongoni na ziwa zima mbele yake.

Ziwa hilo ndilo lililoifanya Nakuru ijulikane duniani, hasa kwa picha za heroe waliotandaa ufuoni kama zulia la waridi. Mwaka 2011 liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO pamoja na Bogoria na Elementaita. Picha hizo bado huuzwa katika kadi za posta, ilhali ziwa limebadilika. Mwaka 2010 lilikuwa na eneo la kilomita za mraba 40 na ushei. Kufikia mwaka 2020 lilikuwa limepita 60. Maji yalipoongezeka, chumvi na magadi yakazimuliwa, mwani unaoliwa na heroe ukapungua, na wengi wao wakahamia kwingine, hasa Bogoria. Migunga iliyozingirwa na maji ilikufa ikiwa imesimama. Nakiri kwamba mashina yale meupe yanapendeza mno katika picha, na uzuri huo hunitia wasiwasi.

Shangazi yangu alikuwa na ploti Mwariki, mtaa ulio upande wa ziwa. Kila Jumamosi nilipomtembelea nilipiga picha moja kutoka mahali pamoja, kwenye mlango wa jiko lake: ua wa nguzo na seng'enge, mparachichi, nyaya za umeme, na ziwa kwa mbali. Lilikuwa zoezi tu la kuona jinsi mahali pamoja panavyobadilika kwa mwanga. Miongozo hutuhimiza tuziondoe nyaya na nyua katika picha za mandhari ili maumbile yabaki safi. Mimi siafiki. Ua ni sehemu ya mandhari kama ulivyo mgunga, maana ndio unaotuambia nani anaishi pale na anadhani mali yake inaishia wapi.

Mvua za mwisho wa mwaka 2019 zilipofuatwa na masika mazito ya mwaka 2020, maji yalikuja Mwariki. Familia nyingi zilihama, ya shangazi ikiwemo. Katika picha zangu nguzo za ua zinapungua wiki baada ya wiki: tisa, saba, nne, kisha ncha mbili tu. Sikuzipanga ziwe na maana hiyo. Mwanga ule niliokuwa nikiufuatilia umekuwa jambo la kando, na wakati, ile nusu ya pili ya fasili tunayoikariri, umejitokeza wenyewe ndani ya mahali.

Mwaka uliopita nilimpelekea shangazi picha hizo zote katika tarakilishi, pamoja na zile za Menengai ninazojivunia. Za Menengai alizisifu kwa adabu, akapita. Za Mwariki alizitazama moja moja, kidole kikiwa juu ya kioo, akihesabu nguzo. "Hapa ndipo babako alipofunga mbuzi ile Krismasi," alisema. "Na huu mparachichi, ulizaa mara mbili tu." Nilimwonyesha nyingine iliyopigwa wakati wa macheo, maji yakiwa ya dhahabu na ua umeshazama wote. Akatikisa kichwa, akarudi nyuma hadi ile ya kwanza.

"Nichapishie hii, mwanangu," akasema, "hii yenye seng'enge."