Ada ya Njia: Barua kutoka Kariakoo

Ilala, Dar es Salaam

Baba mdogo,

Nakuandikia nikiwa kwenye fremu ya rafiki yangu, Mtaa wa Kongo, anapanga bei ya robota la vitenge. Anabonyeza kikokotoo: bei ya China, meli, ushuru wa forodha, kirikuu kutoka bandarini, kodi ya pango. Mteja wake katoka Lubumbashi, na mbele yake bado kuna mizani za barabarani na mpaka wa Tunduma. Yote hayo atakuja kuyalipa mama atakayejifunga kitenge hicho kule Katanga.

Nikakumbuka ada ya njia ya zamani kule kwetu. Misafara ya Bagamoyo ilipumzika Mpwapwa, ikavuka Marenga Mkali, ikaingia Ugogo na kulipa hongo kwa watemi: doti za merikani na kaniki, shanga, waya. Wasafiri wa Kizungu kama Stanley walilalamika sana vitabuni mwao. Mimi naona hawakuwatendea haki Wagogo. Nchi ni kavu, visima ni vya wenyeji, na msafara wa mamia ya wapagazi ungeweza kukausha maji ya kijiji. Hongo ile ilikuwa bei ya maji, chakula na kupita salama. Kilichochosha ni kulipa tena na tena, utemi baada ya utemi.

Ulaya ya kale nayo iliyaona hayo. Kando ya mto Rhine zilijaa ngome za kutoza ushuru. Mwaka 1254 miji ikaungana kupinga zilizotoza isivyo halali, lakini karne iliyofuata vituo vilizidi 60. Champagne, Ufaransa, watawala walichukua ada ya magulio, ila walimhakikishia mfanyabiashara ulinzi njiani. Wakaja watu kutoka Italia hadi Flanders.

Hapa Kariakoo, Mei 2023 maduka yalifungwa kupinga usajili wa stoo na kikosi kazi cha kodi, mpaka Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, akaja kuwasikiliza wafanyabiashara Mnazi Mmoja. Niliozungumza nao hawakatai kodi. Wanataka ijulikane mapema, isijirudie, na waione inarudi: taa, vyoo, zimamoto. Moto ulioteketeza soko Julai 2021 hawajausahau.

Kwa hiyo nakuomba, Baba mdogo, ukiingia baraza la madiwani uliza ushuru wa geti la mazao unarudi barabarani kwa kiasi gani. Karanga zetu nimezikuta hapa sokoni, na mkulima anastahili kujibiwa.