Mwezi wa Eda, Mwezi wa Bamvua

Paje ya mwishoni mwa miaka ya 1990 haikuwa hii ya leo yenye mahoteli yaliyopangana ufukweni. Ilikuwa kijiji cha wavuvi, pwani ya mashariki ya Unguja, na ukitaka kufika ulipanda gari la shamba Darajani mjini, ukapita katikati ya msitu wa Jozani, ukateremka na vumbi mpaka kwenye nyusi. Wanaume walitoka na ngarawa. Bibi zetu walifukia makumbi ya nazi mchangani, wakayaacha miezi yaoze, kisha wakayafukua na kuyaponda wapate usumba wa kusokotea kamba. Na tangu mwaka 1989, hapo Paje na kwa jirani zao wa Jambiani, wanawake walikuwa wameanza kulima baharini. Walilima mwani.

Nilihamia huko mwaka 1997, mjane mwenye watoto wawili.

Marehemu mume wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakuugua muda mrefu. Nilikaa eda nyumbani kwetu mtaa wa Ng'ambo, mjini, miezi minne na siku kumi kama sheria inavyotaka. Wengi hudhani eda ndiyo sehemu ngumu ya ujane. Kwangu mimi eda ilinibeba. Ilinipa chumba cha kukaa, ikanipa watu wa kunizunguka, ikanipa na mwisho wake. Nilijua miezi mingapi imeandama na mingapi imebaki. Hakuna aliyetaka kitu kwangu, na mimi mwenyewe sikujilazimisha chochote.

Ugumu ulianza nilipotoka. Waliokuja kulala nami walirudi makwao, na ndivyo ilivyopasa, kwani nao wana nyumba zao. Mirathi ikagawanywa. Mke aliyeachiwa watoto fungu lake ni thumni, na nyumba yenyewe ilikuwa ya marehemu pamoja na ndugu zake tangu kwa baba yao, ikabidi iuzwe kila mtu apate haki yake. Hakuna aliyenidhulumu. Lakini thumni ya fungu moja la nyumba ya Ng'ambo haikufika hata bei ya kiwanja. Kaka yangu akanipa chumba kwake, nikaingia na watoto, nikakaa.

Nilikaa kweli. Asubuhi nilisikia watoto wa kaka wakijiandaa kwenda skuli, wangu wakiwa nao, wakivalishwa na wifi yangu. Nilisikia adhuhuri inaadhiniwa, kisha alasiri, na katikati ya sala na sala sikuwa na kitu. Sikulia sana. Siku zilikuwa zimepoteza mipaka yao, Jumanne haina tofauti na Ijumaa, na mtu akiniuliza jambo la wiki ijayo nilimtazama tu. Kila mgeni aliniambia nisubiri. Nilisubiri kwa moyo mmoja, bila kujua kinachosubiriwa ni nini.

Mama mkubwa, dada yake mama, ndiye aliyekuja kunichukua. Alizungumza na kaka faraghani, akafunga nguo za watoto, tukapanda gari. Njia nzima hakunipa nasaha hata moja. Nilimshukuru kimoyomoyo.

Siku tatu nne aliniacha nilale. Kisha alfajiri moja akasimama mlangoni na kandili mkononi.

"Mwanangu, maji yanakauka saa nne. Tunatoka saa mbili."

"Mama, leo sijiwezi."

"Sikukuuliza kama unajiweza. Nimekwambia saa."

Pwani ya Paje ina ziwa la maji mafupi kati ya ufukwe na mwamba, na maji ya bamvua yakipwa unaweza kutembea mbali sana ndani ukiwa na maji ya kifundo cha mguu. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku hizo maji hupanda na kushuka karibu mita nne, na hupwa kabisa katikati ya asubuhi, kila siku yakichelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana yake. Zikipita siku chache, maji mafu huingia, bahari haikauki vizuri, na shamba halifikiki. Mkulima wa mwani ana siku zake chache za kufanya kazi yote: kupanda, kukaza kamba, kuondoa majani mengine yaliyonasa, kuvuna. Akizikosa, anangoja bamvua jingine.

Siku ya kwanza nilishika kamba tu. Mama mkubwa na wenzake walipigilia vigingi mchangani kwa safu mbili zinazotazamana, wakafunga kamba kutoka kigingi hiki hadi kile, na kwenye kila kamba kuna vikamba vidogo ambavyo wao waliviita taitai. Kila taitai hushika kipande kimoja cha mwani. Mwani haupandwi kwa punje. Kipande cha mmea wenyewe ndicho mbegu, kwa hiyo kila unapovuna lazima ubakize ulio mzuri kuliko wote uurudishe kwenye kamba. Mikono yangu ya mjini ilikatika kwa chumvi na kamba. Kiuno kiliniuma kwa kuinama. Jua lilipiga juu ya kichwa na likarudi kutoka kwenye maji, macho yakawaka. Nilipofika nyumbani nililala bila kujigeuza, na nilipoamka jambo la kwanza nililofikiri lilikuwa saa: kama jana maji yalikauka saa nne, leo ni karibu saa tano.

Ilikuwa mara ya kwanza, tangu nitoke eda, kuifikiria siku kabla haijafika.

Nimeyatafakari haya miaka mingi. Mwezi ule ule ulionihesabia eda ndio uliokuwa ukinihesabia bamvua. Nilipotoka eda hesabu ilikatika, na bahari ikaniunganishia. Baada ya wiki sita mwani huwa tayari kuvunwa, nami nikajikuta nasema mbele ya watu, "Tukivuna bamvua la mwezi mpevu, nitamshonea binti yangu sare." Mtu asiye na kesho hawezi kusema hivyo. Huzuni haikuwa imeondoka. Nilikuwa nikilia baharini wakati mwingine, na wenzangu waliendelea kufunga taitai, wakiniachia nafasi ya kulia bila kuniachia kazi ya kueleza.

Kazi yenyewe haikuwa ya utajiri, na sitaki mtu aidhanie hivyo. Kilo saba au nane za mwani mbichi hukauka zikabaki kilo moja, na kilo ile ilinunuliwa kwa bei ambayo sisi hatukuwa na kauli juu yake. Mwani wetu ulisafirishwa ng'ambo ukatolewe karajini, ile dawa ya kugandisha inayoingia kwenye dawa ya meno na aiskrimu, vitu ambavyo baadhi yetu hatukuwa tukivinunua. Lakini zilikuwa fedha zenye jina la mwanamke. Kuna waume walionung'unika mwanzoni, kisha wakaona mabati juu ya paa na madaftari ya watoto, wakanyamaza, wengine wakaja kusaidia kubeba magunia. Tulicheza upatu. Zamu yangu ilipofika nilinunua cherehani ya mkono, na maji mafu yakawa siku zangu za kushona.

Halafu kotonii ikaanza kufa. Mashambani tulikuwa na aina mbili za mwani, spinosamu na kotonii, na kotonii ndiyo iliyokuwa na bei nzuri zaidi. Mwaka 1998 bahari ilipata joto lisilo la kawaida, matumbawe mengi ya Unguja yakapauka, na miaka iliyofuata tulizidi kuikuta kotonii imegeuka nyeupe, laini, inakatikia mkononi. Asubuhi moja nilikuta kamba zangu tupu kutoka kigingi hadi kigingi. Nilisimama pale nikangojea ule uzito wa chumbani kwa kaka unirudie.

Somo yangu mmoja, aliyekuwa na shamba jirani, alitazama kamba zangu, akatazama zake ambazo nazo zilikuwa tupu nusu.

"Nina mbegu ya spinosamu," akasema. "Bamvua hili limebakisha siku mbili. Tuwahi."

Tuliwahi. Uzito ulikuja kweli, lakini ulinikuta mikono ina kazi na mwenzangu ananisubiri upande wa pili wa kamba. Nilijifunza pale kwamba kuinuka mara ya pili hakukuhitaji nguvu nyingi kuliko mara ya kwanza. Kulihitaji mtu mwenye mbegu, na siku yenye tarehe.

Niliishi Paje mpaka watoto walipomaliza skuli, kisha cherehani ikanirudisha mjini. Mama mkubwa ametangulia mbele ya haki. Wanawake wa Paje wengine wameendelea, wakajifunza kuusaga mwani wenyewe na kuufanya sabuni badala ya kuuza wote ukiwa mkavu, na ninapoiona sabuni ile dukani moyo wangu huona fahari.

Subira ni ibada, sina neno nayo. Ila nimeshuhudia tunavyompa mfiwa neno hilo kisha tukaondoka, tukamwacha na siku ndefu zisizo na kichwa wala mguu. Nami sasa nikisikia mwanamke mtaani ametoka eda, nikishampa pole huwa namletea kitambaa kilichokatwa na namwambia siku ambayo mteja atakuja kukichukua. Wengine hunijibu kwamba hawajiwezi. Nawaambia, Alhamisi, baada ya alasiri. Mimi nitakuwepo kukaa nawe mpaka tukimalize.