Doti na Mkia

Stima ilikuwa imepotea Kitengela nzima, jambo la kawaida, na mwanga pekee sebuleni ulitoka kwenye simu ya kijana wangu. Alikuwa amelala chali kochini akipiga watu risasi kwa vidole gumba viwili.

"Baba, kati ya ile ya doti na ile ya kuvuta mara nne, gani ndio noma?"

Nilimjibu kama mkufunzi, maana ndivyo nilivyozoea kujificha. Ya doti haivuti kitu karibu. Taa ndogo hutupa mwanga kwenye kioo, kioo kinaurudisha kwa jicho lako, unaona nukta nyekundu imekaa juu ya shabaha. Unaacha macho yote mawili wazi. Mlangoni, hatua ishirini, hakuna inayoishinda. Ila betri ikiisha umebaki na dirisha tu. Ya mara nne ni ya mbali. Ukiichungulia unapoteza kila kilicho pembeni, na mtu akikutokea karibu utaona kifungo cha shati.

"Na G3?"

G3 tuliyofunzwa nayo haikuwa na kioo. Nyuma ina kigurudumu unachozungusha: mita 100, 200, 300, 400. Kilo 4 na ushee begani, na jicho ulilopewa na Mungu.

Akacheka. Mwezi ujao anakwenda Kajiado mjini kwenye usajili wa makurutu, kuhesabiwa meno na kukimbizwa juani na vijana wenzake. Mama yake hataki hata kulisikia. Mimi nimesema nitamsindikiza.

Doti haikunipenda. Kwangu haikuwa nukta, ilikuwa na mkia kama koma. Nilidhani kifaa ni kibovu, nikabadilishana na mwenzangu, nikachukua yake ya mara nne. Miaka baadaye daktari wa macho, hapo hapo Kajiado, aliniambia jicho langu kwa mbele halina mviringo sawasawa, ndiyo maana taa ndogo kali huvutika. Kumbe kibovu kilikuwa mimi.

Basi alfajiri moja, mahali ambapo sitapataja, nikaona kupitia kioo kile mtu anakuja na kitu kirefu begani. Mita 300 hivi. Kidole kilikuwa tayari. Mara nne si nyingi, lakini ilitosha: fimbo, kibuyu, na nyuma yake mbuzi wawili wakitokeza kwenye vumbi. Mvulana, umri wa huyu wangu. Nikaondoa kidole. Alipita bila kujua lolote.

Hadithi hiyo nimeisimulia mara nyingi, hata kanisani. Watu huipenda. Ninachoruka ni kwamba wiki moja kabla, vioo havijaletwa, zamu ile ile, pale pale, nilikuwa na G3 tupu, na kivuli kikaja na kitu kirefu begani. Nilizungusha kigurudumu hadi 300. Asubuhi hatukutumwa kwenda kuangalia alikuwa nani.

"Baba? Hujasema gani."

Stima ikarudi, friji ikaanza kunguruma, majirani wakapiga kelele za furaha. Nikavuta kiti hadi karibu na kochi, nikamwambia aweke simu chini kidogo.